Gunia la Lumbesa na Kiuno cha Mtwikaji: Uchambuzi wa Kisa cha Jeraha la Kunyanyua Mzigo Mzito

Usuli

Kisa hiki kilitokea katika ghala la mfanyabiashara wa nafaka kwenye mji mmoja wa Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, wakati msimu wa kununua mahindi ukiwa umepamba moto. Jina la mji, la mmiliki na la kila aliyehusika yameondolewa, na baadhi ya mambo yasiyogusa kiini cha tukio yamebadilishwa ili asitambulike mtu. Aliyeumia ataitwa Mfanyakazi A, na mwenzake aliyekuwa akinyanyua naye ataitwa Mfanyakazi B.

Ghala lilikuwa na waajiriwa wanne wenye mikataba ya maandishi: msimamizi, karani wa mizani, mtunza stoo na mlinzi. Kazi ya kupakia na kushusha, ambayo ndiyo iliyoliweka ghala hai, ilifanywa na vibarua waliokuwa chini ya mnyapara. Hawa walilipwa kwa gunia. Jioni mnyapara alipokea fedha zote mkononi, akatoa fungu lake, kisha akagawa zilizobaki sawasawa kwa wote waliokuwepo hadi gunia la mwisho. Aliyeondoka kabla, kwa sababu yoyote, alitegemea huruma ya wenzake.

Utaratibu wa kazi ulikuwa ule unaojulikana katika maghala mengi ya nafaka nchini. Magunia yalipangwa sakafuni juu ya turubai, safu juu ya safu. Wakati wa kupakia, watwikaji wawili walilishika gunia kwa masikio yake, wakalinyanyua na kumtwika mbebaji mabegani. Naye akapanda ubao hadi kwenye bodi la lori, ambako wapangaji wawili walimtua na kulipanga gunia mahali pake. Rundo linapokuwa refu, mtwikaji hatumii nguvu nyingi, kwa kuwa gunia lipo juu na linateremkia tu begani kwa mbebaji. Kadiri rundo linavyopungua ndivyo mnyanyuo unavyorefuka, na zikifika safu za mwisho watwikaji hulitoa gunia chini kabisa hadi kimo cha bega la mtu. Kwa maneno mengine, utaratibu wenyewe uliwawekea watu kazi nzito kuliko zote katika saa ambayo miili yao ilikuwa imechoka kuliko saa nyingine yoyote.

Mfanyakazi A alikuwa mwanaume wa miaka thelathini na kitu, mwenye uzoefu wa zaidi ya miaka kumi katika kazi hiyo. Alipewa nafasi ya mtwikaji kwa sababu ya uzoefu wake, maana mtwikaji mbaya huwaumiza wabebaji. Tangu msimu uliotangulia kiuno kilikuwa kikimsumbua asubuhi, naye alikuwa akinunua vidonge vya maumivu duka la dawa kabla ya kuja kazini. Wenzake walijua. Hakuna aliyeliona hilo kuwa taarifa ya kumfikisha mtu yeyote ofisini, na kwa kweli hapakuwa na mtu wa kupelekewa.

Jambo la mwisho la usuli ni magunia yenyewe. Sehemu ya shehena ile ilikuwa lumbesa, yaani magunia yaliyojazwa kupita mdomo wake, yakaongezewa juu na kufumwa kwa kamba ili yashike. Sheria ya vipimo nchini inakataza ufungashaji huo, na ukomo wa gunia la mazao ni kilo 100. Hata hivyo wachuuzi wanaonunua mashambani wameendelea nao, kwa kuwa mkulima hulipwa kwa gunia na kilichozidi ni faida ya mnunuzi. Ghalani yalipokelewa kama yalivyokuja. Kuyapunguza kulihitaji magunia ya ziada, mshonaji na muda, na hakuna kati ya hivyo kilichokuwa na bajeti.

Mtiririko wa tukio

Lori la tani 30 lilitarajiwa asubuhi ili lipakie magunia 300. Lilifika saa nane mchana. Mnunuzi alitaka liondoke usiku uleule, na msimamizi akakubali kwa simu bila kumuuliza mnyapara kama kundi lingeweza. Siku hiyo kundi lilikuwa na watu saba badala ya kumi wa kawaida, kwa kuwa watatu walikuwa msibani. Wakiwa kumi, watwikaji hupokezana na wabebaji kila baada ya muda. Wakiwa saba, ziligawanywa nafasi mbili za kutwika, tatu za kubeba na mbili za kupanga, na hapakubaki mtu wa kumpokea mwingine. A na B walitwika tangu gunia la kwanza.

Kufikia saa moja usiku walikuwa kwenye safu mbili za chini. Taa iliyowaka ilikuwa moja, mlangoni. Walishika gunia la lumbesa lililokuwa limelala sakafuni, wakalinyanyua hadi usawa wa kifua, mbebaji akiwa amekwisha kuinama mbele yao kulipokea. Hapo sikio la gunia upande wa B likachanika. B alijaribu kulidaka kwa chini akalikosa. A hakuliachia, kwa kuwa kuliachia kulimaanisha kumwangushia mbebaji shingoni. Alijipinda upande wa kulia huku amelishikilia peke yake, kisha akalishusha pembeni. Baadaye alieleza kwamba alisikia kitu kikiachia kiunoni, na maumivu yakashuka hadi kwenye kalio.

Alikaa chini kwa dakika chache. B alimwambia, "Kaka, kaa pembeni, sisi tutamalizia." Mnyapara naye hakumlazimisha kurudi, lakini alikumbusha kwa sauti ya wote kuisikia kwamba mgao ni wa waliomaliza. Yalikuwa yamebaki magunia yapatayo arobaini. A alisimama, akafunga kiuno kwa kipande cha khanga na kuendelea hadi saa mbili usiku.

Asubuhi yake hakuweza kuketi kitandani bila kusaidiwa. Nyumbani aliitiwa mchuaji, ambaye alimkanda kwa nguvu na kumkanyaga mgongoni. Siku ya tatu alichomwa sindano ya maumivu kwenye duka la dawa. Siku ya tano ganzi ilianza kwenye ukingo wa nje wa mguu wa kulia, na kidole gumba cha mguu huo kikawa hakiinuki vizuri. Hapo ndugu zake walimpeleka kituo cha afya. Picha ya eksirei ilionyesha mifupa mizima, naye akaambiwa hakuna tatizo na arudi nyumbani apumzike kitandani kwa wiki mbili. Wiki ya tatu alifika hospitali ya rufaa, ambako kipimo cha MRI kilionyesha kwamba diski iliyo kati ya pingili mbili za chini ya kiuno ilikuwa imetokeza na kuubana mshipa wa fahamu unaoelekea mguuni.

Maamuzi yaliyofanywa na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa A mwenyewe kurudi kazini baada ya kuumia. Wapo watakaouita ukaidi. Kwa maoni yangu ulikuwa uamuzi unaoeleweka kabisa kwa mtu ambaye saa tano za kazi aliyokwisha kuifanya zingepotea kwa kukosa saa moja ya mwisho. Mfumo wa mgao ulikuwa umekwisha kuamua kabla yake.

Uamuzi wa pili ulikuwa wa msimamizi, aliyesikia habari kesho yake. Alimtumia A fedha za pole kwa simu na hakuandika chochote. Alipoulizwa sababu, alitoa mbili. Kwanza, hakuliona tukio hilo kuwa ajali: hakuna aliyeanguka, hakuna damu, hakuna mashine iliyoharibika, na mtu alimaliza siku kwa miguu yake. Pili, alimhesabu A kuwa mtu wa mnyapara, si mfanyakazi wa ghala. Sababu zote mbili hazikuwa sahihi, lakini hazikutokana na roho mbaya. Ndivyo wenye maghala wengi wanavyoamini.

Uamuzi wa tatu, uliogeuza mwelekeo wa kisa, ulitoka kwa mke wa A. Baada ya gharama za hospitali ya rufaa kuishinda familia, alikwenda kwa afisa kazi wa eneo hilo akiwa na daftari la mnyapara. Katika daftari lile kila siku ilikuwa na orodha ya majina, idadi ya magunia na kiasi alichopewa kila mtu. Afisa kazi alimwita msimamizi na kumsomea kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kinachosema kwamba anayemfanyia mwingine kazi huchukuliwa kuwa mwajiriwa, hadi ithibitishwe vinginevyo, iwapo lipo hata jambo moja kati ya yanayotajwa, kama vile namna au saa za kazi yake kupangwa na mwingine, kumtegemea huyo kiuchumi, au kumfanyia kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Daftari lilithibitisha mengi kati ya hayo. Uwepo wa mnyapara katikati haukubadilisha kitu, kwa kuwa lori lilikuwa la mteja wa ghala, saa zilipangwa na ghala na fedha zilitoka ghalani.

Hivyo tukio liliripotiwa kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa chini ya Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008. Sheria inamtaka mwajiri aripoti ndani ya siku 7 baada ya kupata habari za ajali. Taarifa hii ilipelekwa baada ya zaidi ya wiki tano, pamoja na barua ya maelezo. Mwajiri alitakiwa pia kurekebisha taarifa zake, kwa kuwa alikuwa amesajili waajiriwa wanne tu.

Uamuzi wa nne ulikuwa wa madaktari. Kwa kuwa A hakuwa na dalili zinazodai upasuaji wa haraka, walichagua kumtibu kwa dawa, mazoezi tiba na kutembea kila siku kwa kipimo, huku wakipima nguvu za mguu kila alipohudhuria. Dalili walizomwonya kuzihofia ni za kila msomaji kuzijua: mkojo au haja kubwa kushindwa kuzuilika au mkojo kugoma kutoka, ganzi katika eneo la kukalia na sehemu za siri, na udhaifu wa miguu yote miwili. Mgonjwa wa kiuno mwenye mojawapo ya hizo hapaswi kusubiri kesho. Kulala wiki mbili kitandani, kama alivyoelekezwa mwanzo, kulimpunguzia nguvu za misuli bila kumsaidia. Mwongozo wa kitabibu siku hizi ni mgonjwa aendelee kujongea kadiri maumivu yanavyoruhusu.

Uamuzi wa tano ulihusu kazi yenyewe, na ulifanywa mara mbili. Mara ya kwanza mmiliki alinunua mikanda ya kiuno kwa vibarua wote na kumleta mtu wa kuwafundisha kupiga magoti na kunyoosha mgongo wanaponyanyua. Msimu haukwisha kabla vibarua wengine wawili hawajaanza kulalamikia viuno. Mara ya pili, mwezi mmoja baadaye, ndipo ilipoombwa tathmini ambayo uchambuzi huu umetokana nayo.

Matokeo

Maumivu ya mguu wa A yalipungua sana kufikia mwezi wa tatu, na mwezi wa tano alirudi ghalani kwa kazi ya kushona magunia na kuhesabu. Kidole gumba cha mguu hakikurudisha nguvu zake zote. Gharama za matibabu kuanzia hospitali ya rufaa zililipwa na Mfuko, pamoja na malipo ya ulemavu wa muda, ambayo kwa sheria ni asilimia 70 ya kipato. Ubishi ulikuwa juu ya kipato kipi, maana mtwikaji wakati wa msimu hupata mara kadhaa ya anachopata masika. Daftari la mnyapara lilitumika tena kupata wastani wa miezi, na kwa hesabu hiyo A alipata pungufu ya alichotarajia. Kazi ya kushona inamlipa kidogo kuliko kutwika, na pengo hilo hakuna aliyelifidia.

Ghalani, mpangilio ulibadilishwa kwa namna itakayoelezwa chini. Katika msimu uliofuata watwikaji hawakuwepo tena kama nafasi ya kazi.

Uchambuzi: uzito uliamuliwa wapi

Swali ambalo karibu kila mtu alianza nalo lilikuwa: A alinyanyua vibaya? Swali hilo ndilo lililozaa mikanda na mafunzo, na ndilo lililopoteza mwezi mzima.

Karani wa mizani aliombwa kupima magunia ya lumbesa yaliyobaki katika shehena ileile. Lililokuwa jepesi lilikuwa na kilo 118, na zito kuliko yote kilo 134. Tuchukue kwamba gunia lililomwumiza A lilikuwa na kilo 120, na kwamba B alibeba nusu yake sawasawa. A alikuwa na kilo 60 mikononi. Gunia lililojaa ni pana, hivyo mikono yake ilikuwa mbele ya kiuno kwa sentimita zipatazo 50. Misuli inayouvuta mgongo nyuma ili usianguke mbele ipo sentimita tano hivi tu kutoka katikati ya diski. Umbali wa mzigo ni mara kumi ya umbali wa misuli, kwa hiyo misuli inalazimika kuvuta kwa nguvu ya mara kumi ya uzito ulio mkononi, yaani kama kilo 600, na nguvu hiyo yote inaishia kuibana diski. Hapo bado hatujaongeza uzito wa kifua na kichwa cha mtu mwenyewe aliyeinama. Taasisi ya Taifa ya Usalama na Afya Kazini ya Marekani, NIOSH, hutumia nyutoni 3,400 kama kikomo cha mgandamizo kwenye diski ya chini ya kiuno, ambazo ni sawa na uzito wa kilo 350 hivi. A alikuwa amekivuka mbali kabla sikio la gunia halijachanika. Lilipochanika, nusu ya B ikahamia kwake ghafla, akiwa amejipinda, na misuli ambayo haikuwa imejiandaa.

NIOSH hiyohiyo ina kanuni ya mnyanyuo iliyorekebishwa mwaka 1991. Inaanza na kilo 23 kama uzito wa juu kabisa katika mazingira mazuri kuliko yote, kisha inaupunguza uzito huo kwa kila kasoro: mzigo kuwa mbali na mwili, mnyanyuo kuanzia chini, umbali wa kuupandisha, kujipinda, idadi ya minyanyuo kwa dakika na ubaya wa mshiko. Kanuni hiyo imeundwa kwa ajili ya mtu mmoja anayenyanyua kwa mikono miwili, kwa hiyo kuitumia kwa watwikaji wawili ni makadirio tu. Nilipoweka vipimo vya safu ya chini, yaani mikono sentimita 50 mbele na sentimita 15 kutoka sakafuni, kupandisha sentimita 125, kujipinda nyuzi 45, mshiko mbaya na karibu gunia moja kwa dakika kwa saa sita, uzito unaopendekezwa haukufika kilo 5. Hata tukikosea vipimo hivyo kwa nusu nzima, hatukaribii kilo 60. Kwa umbali wa namna hiyo kati ya kinachopendekezwa na kinachofanyika, ubishi juu ya magoti yapinde vipi hauna uzito wowote.

Ndiyo maana mafunzo yalishindwa. Gunia la kilo 100 lililolala chini haliingii katikati ya magoti ya mtu; anayepiga magoti hulazimika kulishika mbele ya magoti yake, na hivyo mzigo unasogea mbali zaidi na kiuno kuliko alipoinama. Watwikaji walilijua hili kwa miili yao, wakaacha kufuata mafunzo siku ya pili, na mwalimu akaondoka akiamini kuwa ni wabishi. Uhakiki wa tafiti uliotolewa mwaka 2011 na Cochrane, mtandao wa kimataifa unaohakiki tafiti za afya, haukupata ushahidi kwamba kuwafundisha watu mbinu za kunyanyua huzuia maumivu ya mgongo. Kuhusu mikanda, NIOSH ilitamka mwaka 1994 kwamba haina ushahidi wa kutosha kuipendekeza kwa mfanyakazi asiyeumia. Katika ghala hili mkanda ulileta hasara ya ziada, kwa kuwa mnyapara aliuchukulia kama ruhusa: aliyefunga mkanda hakutarajiwa kulalamika.

Lumbesa huzungumzwa mara nyingi kama dhuluma kwa mkulima, nayo ni dhuluma kweli. Katika mikutano inayoijadili utamkuta mkulima, mchuuzi, ofisa wa vipimo na mwanasiasa, lakini ni nadra kumkuta anayelinyanyua. Laiti kipimo kingefuatwa, bado tatizo lisingekwisha, maana hata gunia halali la kilo 100 limepita kwa mbali pendekezo la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 1967, kwamba uzito anaobeba mwanaume mzima peke yake ushushwe hadi kilo 55. Mbebaji ghalani hubeba gunia zima peke yake. Kenya ilichagua njia nyingine kwa viazi ilipoweka kilo 50 kuwa ukomo wa mfuko katika kanuni za mwaka 2019. Utekelezaji wake umekuwa na mivutano, lakini angalau tarakimu iliyoandikwa inakaribia mwili wa binadamu.

Uchambuzi: kilichofaa na kilichogoma

Badiliko lililofaa kuliko yote lilikuwa kumwondoa mtwikaji. Sakafu ya ghala ilikuwa imeinuka tayari karibu nusu ya kimo cha bodi la lori, hivyo fundi wa mjini alitengeneza daraja refu la chuma la kuziba nusu iliyobaki kwa mteremko mdogo. Magunia yalianza kupangwa juu ya paleti badala ya sakafuni, na kusukumwa hadi ndani ya lori kwa toroli za magurudumu mawili, watu wawili kwa toroli. Gunia linainamishwa kuingia kwenye toroli, halinyanyuliwi. Gharama ya daraja na toroli haikufikia gharama ambazo familia ya A na mwajiri walikuwa wamekwisha kuzitumia kabla Mfuko haujaanza kulipa, jambo ambalo mmiliki mwenyewe ndiye aliyelisema kwanza.

Badiliko la pili, kupunguza lumbesa zinapopokelewa, lilikwenda nusu. Ghala lilianza kupima kila gunia mlangoni na kulipa kwa kilo badala ya kwa gunia. Wachuuzi waliacha kupata faida kwa kilichozidi, na lumbesa zikapungua zenyewe bila kushurutishwa. Lakini pendekezo la kwenda kwenye mifuko ya kilo 50 lilipingwa na vibarua kwa nguvu kuliko na mmiliki. Waliogopa kwamba bei ya gunia ingekatwa nusu huku hatua za kutembea zikiongezeka maradufu, na hofu yao ilikuwa na msingi, maana ndivyo rasimu ya kwanza ya bei ilivyokuwa. Iliafikiwa kulipa kwa tani, kwa kiwango kilichoongezwa kidogo kufidia safari za ziada. Mnyapara alijitoa, kwa kuwa fungu lake lilihesabiwa kwa gunia. Sasa malipo hayo ya tani hugawanywa na karani kwa saa alizokuwepo kila mtu, na anayeumia au kuchoka akiondoka hubeba haki yake ya saa alizofanya. Laiti kanuni hiyo ingekuwepo usiku ule, A angekuwa na sababu ya kubaki pembeni alipoambiwa na B.

Kuandika matukio kumekuwa kugumu kuliko ilivyotarajiwa. Daftari la ajali lipo, lakini kwa miezi mingi liliandikwa vidonda vya misumari na vidole vilivyobanwa tu. Maumivu ya kiuno hayana saa ya kuanza, na mtu huona haya kuyaandikisha. Msimamizi alipobadilisha swali la asubuhi kutoka "nani ameumia?" kuwa "nani ameamka na maumivu ya kiuno, bega au mguu?", majibu yalianza kuja, na mengi yalitoka kwa wapangaji.

Hapo ndipo kasoro kubwa iliyobaki. Daraja na toroli vinalifikisha gunia ndani ya lori, lakini kulipandisha hadi safu za juu bado ni kazi ya mikono ya watu wawili, wakiwa wamebanwa kati ya mzigo na ubavu wa bodi. Tulihamisha sehemu ya mzigo kutoka kwa mtwikaji hadi kwa mpangaji. Kwa sasa toroli huanzia mbele ya lori ili wapangaji wajenge ngazi ya magunia na kukokota badala ya kunyanyua, wanabadilishana kila baada ya magunia thelathini, na hapakiwi lori iwapo kundi halijatimia watu wanane. Wanunuzi wawili wamekubali mifuko ya kilo 50, na kwenye malori yao wapangaji hawalalamiki sana. Wengine wanaendelea kudai gunia la kilo 100 kwa sababu vinu vyao na wabebaji wa upande wa pili wanalipwa hivyo, na mmiliki wa ghala hajawa tayari kuwapoteza.